Wakili wa Moshi na ahadi ya ukurasa wa kwanza wa Google

«Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Moshi, huu ni mwaka wa nne tangu niapishwe. Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa, na ninaye karani mmoja. Kazi zangu nyingi ni mirathi na ardhi, na mara chache migogoro ya kazi. Miezi hii wateja wamepungua. Kijana mmoja kutoka Arusha amenijia na mpango: atanitengenezea tovuti kwa Sh 2,800,000, kisha kila mwezi nimlipe Sh 350,000 ili aniweke ukurasa wa kwanza wa Google, aniongezee wafuasi 5,000 Facebook, na aposti mashauri niliyoshinda pamoja na picha za wateja walioridhika. Wenzangu wawili wanasema nisipofanya hivyo nitaachwa nyuma. Mwalimu wangu aliyenilea kikazi anasema wakili anayejitangaza anajishushia hadhi na anaweza kuitwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Nani kati yao yuko sahihi, na je, nimlipe kijana huyu?»

Wakili, furushi ulilonitumia lina maswali matatu ndani yake: kama unaruhusiwa kufanya anayoyapendekeza kijana huyo, kama yanafanya kazi, na lile ambalo hukuliandika waziwazi, yaani wateja wamekwenda wapi na utawarudishaje. Nitayagusa yote, lakini kwanza nikueleze ninaposimama. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufunga na kutunza mifumo ya kompyuta na mawasiliano katika ofisi ndogo za Arusha na Moshi, nyingi zikiwa za mawakili, kwa hiyo ninachokijua vizuri ni namna simu na tovuti zinavyofanya kazi, na namna ofisi zilizo kama yako zinavyopoteza fedha humo. Pale jambo linapogusa maadili ya taaluma yako nitakuonyesha mlango, ila kuingia utaingia mwenyewe.

Kwa ufupi, usiusaini mkataba huo kama ulivyo. Piga hesabu ya mwaka mmoja tu: Sh 2,800,000 za tovuti na Sh 4,200,000 za miezi kumi na miwili ni Sh 7,000,000 kamili. Katika vitu vinne anavyokuuzia, ukurasa wa kwanza wa Google hauuziki, wafuasi 5,000 hawana faida kwako, picha za wateja na habari za ushindi zinaweza kukuponza, na tovuti ndiyo pekee utakayoihitaji, tena si kitu cha kuanza nacho.

Nianze na mwalimu wako, kwa sababu hofu yake ina msingi ingawa mpaka hauko pale anapouweka. Kanuni za maadili na mwenendo wa mawakili zilizotangazwa mwaka 2018 kwa Tangazo la Serikali Na. 118 ndizo zinazokuongoza, na bila shaka nakala yake unayo ofisini. Kilichokemewa siku zote katika taaluma yenu ni kuwinda wateja: kumfuata majeruhi wodini, kumpa dalali kamisheni kwa kila mtu anayemleta, kujitangaza kuwa bora kuliko wenzako, au kuahidi matokeo ambayo yako mikononi mwa hakimu. Kumwezesha mtu aliyekwisha kukusikia akupate, ajue ofisi ilipo na aina ya kazi unazofanya, ni jambo jingine kabisa. Tena jina lako liko hadharani tayari, kwani Mahakama yenyewe ina mfumo wa e-Wakili unaomwezesha mwananchi kuthibitisha kwamba fulani ni wakili kweli, na kila anayezunguka nje ya majengo ya mahakama anajua kwa nini mfumo huo ulihitajika: vishoka.

Wenzako wawili, kwa upande wao, nadhani wamekunywa maji ya kisima kingine. Masomo mengi ya kutangaza ofisi ya wakili yanayozagaa mtandaoni yametoka Marekani, ambako tangu mwaka 1977, katika shauri la Bates v. State Bar of Arizona, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili hawezi kukatazwa kabisa kutangaza huduma zake. Ndiyo maana huko unaona mabango ya mawakili kando ya barabara kuu. Hata majirani zetu hapo ng'ambo ya Namanga wana kanuni zao za mwaka 2014 zinazohusu matangazo ya mawakili. Kijana anayekuletea mfano wa Chicago au wa Nairobi hakudanganyi anaposema mfano huo unafanya kazi huko, ila huko leseni inayohatarishwa si yako. Kabla hujaweka chochote hadharani, andika maneno yenyewe utakayoyatumia kwenye karatasi moja, uyapeleke kwa viongozi wa tawi lako la Chama cha Mawakili Tanganyika, na uwaombe maoni yao kwa maandishi. Karatasi hiyo ukiwa nayo kwenye jalada, utalala usingizi.

Sasa Google. Watu wengi wanauwazia ukurasa wa kwanza kama ukuta mmoja mkubwa wenye nafasi kumi, na fundi hodari ana ngazi ya kukupandisha. Hakuna ukuta wa namna hiyo. Mtambo wa Google hupita kwenye kurasa za mtandao, ukazisoma na kuziweka katika kumbukumbu zake. Mtu anapoandika swali, huchagua papo hapo zile zinazoonekana kumfaa yeye, mahali alipo, kwa lugha aliyoitumia. Katika utafutaji wa huduma za karibu, mfano «wakili wa mirathi Moshi», kampuni hiyo yenyewe imeeleza kwamba inatazama mambo matatu: kama huduma yako inahusiana na kilichoulizwa, umbali kati yako na anayeuliza, na umaarufu wako, yaani kiasi ambacho watu na kurasa nyingine zinakutaja. Mtu aliyesimama stendi ya Himo na mtu aliyeketi Karatu wakiandika maneno yaleyale watapata orodha mbili tofauti. Kila mtu ana ukurasa wake wa kwanza. Google hiyohiyo inasema bayana kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya juu, na kwamba nafasi hizo za kawaida hazinunuliwi. Kinachonunuliwa ni tangazo, nalo huwekewa alama kuwa ni tangazo.

Kwa hiyo muulize kijana wako swali moja dogo: ukurasa wa kwanza wa maneno gani? Niliwahi kuonyeshwa katika ofisi moja ya Arusha ripoti za miezi minane, zimechapwa kwa rangi na kubanwa vizuri, kila moja ikitangaza nafasi ya kwanza. Nilipoyatazama maneno yaliyotafutwa, yalikuwa jina la ofisi yenyewe. Walikuwa wakimlipa mtu kila mwezi awatafutie nyumba yao wenyewe.

Kuhusu wafuasi 5,000 sina mengi. Hao hununuliwa kwa jumla, wengi wao ni akaunti zisizo na mtu nyuma yake au watu wa nchi za mbali, na hakuna hata mmoja atakayefiwa na baba Kibosho akahitaji msimamizi wa mirathi. Zaidi ya hayo, Facebook hupima chapisho kwa jinsi wanaoliona wanavyolipokea. Ukiwa na umati usiokusoma, hata wachache wa kweli wataliona kwa nadra.

Hebu tuache ya kijana kidogo, tutazame mteja wako anavyofika. Kabla hujatumia shilingi moja, toa majalada yako ishirini ya mwisho, na juu ya kila moja andika kwa kalamu ya risasi ni nani aliyemtuma mteja huyo. Nimewaomba mawakili kadhaa wafanye zoezi hili, na majibu hufanana: mteja wa zamani, shemeji, mchungaji au padri, mwenyekiti wa mtaa, mwanafunzi mwenzako wa chuo aliyeko Dar es Salaam. Kwa kazi za mirathi na ardhi, jina la wakili husafiri mdomoni. Kilichobadilika ni hatua inayofuata. Zamani mtu akitajiwa jina alikuja mwenyewe ofisini. Siku hizi analiandika kwanza kwenye simu yake, na anachokikuta pale kinamfanya apige au asipige.

Wewe uko Moshi, kwa hiyo fikiria mwezi Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, vikao vya ukoo vinakaa, na suala la kihamba cha marehemu, yaani shamba la ukoo, ambalo limeahirishwa tangu Pasaka linafunguliwa. Wiki mbili kabla, kwenye kundi la WhatsApp la familia, dada aliyeolewa Mwika anaandika: kuna wakili mmoja hapo mjini, alimsaidia jirani yetu. Kaka aliyeko Mwanza anaandika jina hilo kwenye simu. Kama anakuta kadi ya Google yenye jina lako, namba inayofanya kazi, saa za kazi na alama ya ramani mlangoni pako, anapiga. Kama hakuti kitu, au anakuta namba uliyoiacha miaka mitatu iliyopita, anauliza jina jingine. Wewe hutajua kamwe kwamba ulikuwa na mteja. Nashuku kwamba sehemu ya wale unaosema wamepungua wamepotelea hapo, na hilo halihitaji Sh 7,000,000.

Kadi hiyo ya biashara ya Google ni bure. Ifungue kwa akaunti yako mwenyewe, si ya kijana. Andika jina kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni bila kulipachika maneno kama «bora» au «namba moja». Chagua aina ya shughuli kwa usahihi, weka saa za kazi za kweli, na utaje ghorofa na namba ya chumba. Mara nyingi Google itakutaka uithibitishe kwa video fupi inayoonyesha mtaa, kibao na wewe ukiufungua mlango. Kisha hakikisha pini, yaani ile alama ya ramani. Ofisi moja niliyoihudumia hapo Moshi, wateja walikuwa wakipelekwa na ramani hadi Shanty Town, kwenye geti la nyumba ya watu, kwa sababu aliyeifungua kadi aliipachika pini akiwa amekaa mahali pengine kabisa. Mwenye nyumba alikuwa mstaarabu, alikuwa akiwaelekeza. Wewe simama mlangoni pako, fungua ramani, uisogeze pini kwa kidole mpaka iangukie jengo lako.

Kadi ikishakuwepo, watu wataweza kuandika maoni na kutoa nyota, na hapa nikuombe uangalifu mkubwa kuliko mfanyabiashara wa kawaida. Mwenye duka akilalamikiwa anaeleza upande wake na yamekwisha. Wewe ukijibu «Si kweli, ulishindwa kwa sababu hukuleta hati niliyokuomba», umekwisha kutangaza kwamba mtu huyu alikuwa mteja wako, kwamba alikuwa na shauri, na kwamba ushahidi wake ulikuwa na pengo. Siri ni ya mteja, na hasira yake hadharani haikupi ruhusa ya kuitoa. Jibu linalotosha ni sentensi moja: «Asante kwa maoni yako, ofisi haijadili masuala ya mtu yeyote hapa, tafadhali piga namba yetu ya ofisi.» Usiandike zaidi hata usiku ukiwa umekasirika. Kwa sababu hiyohiyo sipendi ile picha ya mteja anayetabasamu na hati mkononi. Hata akikubali leo, wadaawa wenzake, yaani walio naye katika shauri hilo, ni ndugu zake, rufaa bado ipo, na hati yenyewe ikikuzwa kwenye skrini inasomeka namba ya kiwanja.

Jambo la pili ni simu yenyewe. Mteja anapiga saa nne asubuhi, wewe uko mbele ya hakimu na simu umeizima. Anayepiga hajui, anachojua ni kwamba hupatikani, na baada ya mara ya pili anamtafuta mwingine. Nunua laini ya ofisi, iandikishe kwa kitambulisho chako cha NIDA, wala si cha karani, na uweke juu yake WhatsApp Business, ambayo ni bure na ina ujumbe wa kujijibu wenyewe. Maneno yake yawe kama haya:

«Habari. Umefika ofisi ya wakili, Moshi. Huenda niko mahakamani; nitakupigia leo kabla ya saa 12 jioni. Kwa sasa nitumie mambo matatu tu: jina lako kamili, jina la upande wa pili, na aina ya jambo, kama ni mirathi, ardhi, kazi au jingine. Tafadhali usitume nyaraka wala maelezo ya kisa mpaka tutakapozungumza.»

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowashangaza wengi, kwani mafundi wa matangazo hufundisha kinyume chake: mfanye mteja aeleze kila kitu haraka ili asikuponyoke. Kwa wakili huo ni mtego. Chukua ndugu wawili wanaogombea kihamba kimoja. Mdogo anakuandikia usiku aya saba za siri zake, pamoja na ile ya baba kuandika wosia wa pili. Asubuhi kaka mkubwa anaingia ofisini na amana mkononi, hujui kwamba ni kisa kilekile, unampokea. Saa saba mchana unafungua simu. Sasa umebeba siri za mmoja na fedha za mwingine, na pengine utalazimika kuwaacha wote wawili. Ukianza na majina ya pande mbili, karani ataangalia daftari lake la wateja kwa dakika tano kabla hujasikia neno. Moshi si mji mkubwa, na koo zake zimeoana. Kwako hatari hii ni ya kila wiki.

Nyaraka nazo zina njia yake ya kuvuja, na siyo ya wadukuzi wa kwenye sinema. Karani anatumwa kuchapa hati ya kiapo kwenye steshenari karibu na mahakama. Anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale, anachapa, analipa, anaondoka mbio kwa sababu shauri linaitwa. Akaunti inabaki wazi, na mazungumzo ya ofisi nzima yanamsubiri mteja anayefuata wa steshenari. Jioni ya leo fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako uone. Ukikuta kompyuta usiyoitambua, iondoe hapo hapo. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili wenye namba ya siri ya tarakimu sita, zima ule mpangilio unaomwaga kila picha kwenye albamu ya simu ambako watoto hucheza, na kama mazungumzo yako yanahifadhiwa kwenye Google Drive, washa ufungaji wa siri wa nakala hizo, maana ujumbe hulindwa njiani lakini nakala ya akiba hailindwi hivyo mpaka wewe mwenyewe uchague. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukikuta usiyoijua, usiiache.

Haya si mapambo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili. Jina la mjane, namba ya kitambulisho chake, cheti cha kifo na majina ya watoto alivyokuletea kwa ajili ya mirathi havikuletwa ili vigeuke kuwa bango Facebook. Wewe utaisoma sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Ninachokuomba ni ukumbuke kwamba fundi unayempa nywila zako naye anazishika taarifa hizo, kwa hiyo mkataba wake uwe na kifungu cha siri kama ule wa karani.

Tovuti itakufaa baadaye, na ukurasa mmoja au mitatu inatosha kwa ofisi ya mtu mmoja. Jambo la kulishikilia kwa mikono miwili ni umiliki wa anwani yake. Nimeshuhudia ofisi iliyomwachia fundi asajili anwani ya .co.tz kwa jina lake na barua pepe yake. Fundi akahamia mkoa mwingine, malipo ya mwaka yakapita, na siku moja tovuti pamoja na barua pepe zote za ofisi zikanyamaza kwa wiki tatu, katikati ya mazungumzo ya mauziano ya shamba. Anwani isajiliwe kwa jina lako, barua ya kukumbushia malipo ije kwako, na tarehe ya mwisho uiandike kwenye shajara ileile unayoandikia tarehe za mashauri.

Na kwenye tovuti hiyo usijisifu, jibu swali. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna kijana wa Arusha anayeweza kukufanyia, na ndiyo Google inayoipa uzito. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, lakini hukumu na maandiko mengi bado ni ya Kiingereza, huku mwananchi akiuliza kwa maneno yake. Haandiki «usitishaji wa ajira usio halali». Anaandika «nimefukuzwa kazi bila barua nifanyeje». Mhudumu wa hoteli aliyeachishwa kazi mwisho wa msimu wa watalii ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na wengi huzimaliza wakimsubiri meneja apokee simu. Ukurasa wenye swali hilo kama kichwa cha habari, siku 30 hizo kwenye mstari wa kwanza, vitu vya kubeba, ofisi ya kwenda, jina lako na tarehe uliyouandika, unamsaidia hata asipokuja kwako. Vivyo hivyo ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi, au nani anaweza kuomba usimamizi wa mirathi pale mjane na watoto wakubwa wasipoelewana. Kurasa sita za aina hiyo kwa mwaka zinatosha. Tarehe usiisahau, kwa sababu sheria hubadilika na ukurasa uliochakaa unampoteza mtu kwa jina lako. Kama ungekuwa Arusha, ukihudumia wawekezaji wa utalii na wageni wanaoishi huko, ningekushauri uandike na Kiingereza. Kwa mirathi za Marangu na Machame, Kiswahili kinakutosha.

Matangazo ya kulipia siyapingi kabisa, nayasogeza mbele. Kwenye Google unalipa kila mtu anapobonyeza, awe mteja, mwanafunzi wa sheria anayetafuta mahali pa mafunzo, au mshindani wako anayechungulia. Kwa kazi za mirathi, ambazo mtu huja kwa kutumwa, ningeshangaa yakirudisha fedha yake. Kwa kazi za haraka zenye tarehe ya mwisho yanaweza kusaidia, mradi wenzako wa Chama wameyaona maneno yake kwanza.

Hukuniuliza kuhusu akili bandia, ila najua kijana atakuja nayo mwezi ujao, akikuambia itaandika kurasa hizo sita kwa dakika sita. Itaandika, na itakuandikia hata kesi zisizokuwepo. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata v. Avianca, mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani rejea zilizobuniwa na ChatGPT. Itumie kunyoosha sentensi kama unapenda, kila rejea uitafute mwenyewe TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na jina la mteja lisiingie humo.

Yako mambo ambayo usiyatibu kwa kusoma maelezo kama haya. Simu yako ikikosa mtandao ghafla huku za wenzako zinashika, au watu wakaanza kuombwa fedha kwa jina lako, usisubiri jioni: nenda dukani kwa kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho, laini ifungwe na kurejeshwa, kisha polisi, na wateja wenye mashauri yanayoendelea uwapigie mmoja mmoja kwa namba nyingine. Malalamiko ya kimaadili yakikufikia kwa barua, mwone wakili mwandamizi ana kwa ana kabla hujajibu mstari mmoja, na huyo mwalimu wako ndiye ningeanza naye. Na kama kumbukumbu za wateja zimeibiwa pamoja na kompyuta, omba mtu wa mifumo aje ofisini aone kilichokuwemo, kwa maana hatua za kuchukua chini ya sheria ya taarifa binafsi zitategemea hilo.

Kijana mwenyewe usimfukuze. Mwite, mpe kiti, umpe kazi ndogo ya kulipwa mara moja: kadi ya Google na pini yake, WhatsApp ya ofisi, anwani ya tovuti na ukurasa mmoja, na Jumamosi mbili za kumfundisha karani wako. Sharti liwe kwamba kila akaunti inafunguliwa mbele yako, kwa simu yako na barua pepe yako, na nywila unaziandika wewe. Akikubali, una fundi wa kufanya naye kazi miaka mingi. Akisema mfumo wake haufanyi kazi hivyo, kwamba akaunti lazima zikae kwake, mlipie chai na nauli ya kurudi Arusha.